Canter 4x4 inanivunja kiuno ikirudi tupu: nianzie wapi?

Msomaji wetu wa Mto wa Mbu anauliza: "Nina Mitsubishi Canter 4x4 niliyoagiza Japani, injini 4D33, nyuma ina tairi za dabo. Kazi yake ni kupeleka maji, vyakula na mahema hadi kambi ya Engaresero, kando ya Ziwa Natron. Kwenda inabeba kama tani moja na nusu, kurudi iko tupu. Kurudi ndiko kunakoniumiza. Kiuno kinauma siku mbili. Fundi anataka kutoa majani mawili ya springi kila upande wa nyuma. Rafiki yangu anasema niuze, ninunue Land Cruiser pikapu. Nifuate la nani?"

Ndugu yangu, mwambie fundi asubiri. Majani ya springi, yale mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, yawe kitu cha mwisho kuguswa, na huenda usiyaguse kabisa. Anza na upepo wa tairi, kisha shokapu, kisha usafi wa springi zenyewe, kisha siti. Suala la kuuza tutalizungumzia mwishoni.

Kwanza uelewe kwa nini gari la aina hii linapiga. Kwenye Land Cruiser dereva anakaa karibu na katikati, kati ya ekseli mbili. Tairi la mbele likipanda jiwe, yeye anapata sehemu tu ya mnyanyuko ule. Kwenye Canter injini iko chini yako na ekseli ya mbele iko karibu chini ya miguu yako, kwa hiyo mbele ikinyanyuka sentimita tano, siti yako nayo inanyanyuka karibu sentimita tano zilezile. Halafu umekaa juu. Gari likiinama mbele na nyuma, kichwa na mabega vinatupwa mbele na nyuma kuliko vya mtu aliyekaa chini. Hilo ni umbile la gari, na hakuna gereji itakayoliondoa. Kinachoweza kupunguzwa ni ukali wa pigo kabla halijafika kwenye uti wa mgongo.

Nyuma nako kuna lake. Springi za nyuma zimetengenezwa kubeba mzigo kamili. Gari likiwa tupu hazilali, yaani hazibonyei, na springi isiyolala ni kama kipande cha reli. Unaweza kupima mwenyewe. Egesha sehemu tambarare, weka vizuizi kwenye tairi za mbele, pima kutoka chesisi hadi juu ya ekseli ya nyuma. Fungua shokapu upande wa chini ili zisizuie, inua chesisi kwa jeki mpaka tairi zianze kuachia ardhi, weka stendi imara, pima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kadirio la jinsi springi inavyolala kwa uzito ilionao. Chukua 15.8, gawanya kwa kipeuo cha pili cha tofauti hiyo kwa milimita: unapata gari linadunda mara ngapi kwa sekunde. Springi iliyolala milimita 40 inadunda karibu mara 2.5. Iliyolala milimita 100 inadunda karibu mara 1.6, na hapo mtu anasafiri vizuri. Gari dogo la starehe liko kati ya mara 1 na 1.5. Mwili wa mtu aliyeketi unaumizwa zaidi na mtikisiko wa wima wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde, kwa hiyo kila unavyoshuka mbali na hapo, kiuno kinashukuru.

Sasa tuje kwenye majani mawili ya fundi. Tuseme pakiti yako ina majani saba yanayolingana unene. Ukitoa mawili, ugumu unapungua kwa sehemu mbili za saba, lakini kasi ya kudunda inafuata kipeuo cha pili cha ugumu: kutoka mara 2.5 unashuka hadi 2.1 tu. Huo ndio ushindi wote. Gharama yake inakuja siku ya kwenda, ukiwa na tani moja na nusu: mzigo uliokuwa ukibebwa na majani saba sasa unabebwa na matano, kila jani linapata asilimia 40 zaidi. Jani kuu litakatika kwenye tundu la senta bolti, ile ya katikati inayoshika majani pamoja, au kwenye jicho, yaani tundu la mwisho wa jani linapopita pini, na litakatikia njiani Engaruka, si gerejini. Ekseli nayo, ikishikwa na majani machache, inajisokota ukiondoka kwa nguvu au ukikanyaga breki, na propela shafti inaanza kugonga.

Ushindi uleule unaupata kwa njia isiyoharibu kitu. Tuseme uzito unaokaa juu ya springi za nyuma, gari likiwa tupu, ni kilo 900. Weka kilo 400 za mifuko ya mchanga kwenye sakafu ya bodi, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, umeifunga kwa mikanda. Unafika kilo 1,300, na kudunda kunashuka kutoka mara 2.5 hadi 2.1. Ukifika mjini unaishusha. Afadhali zaidi, panga kazi ili gari lisirudi tupu: mitungi ya gesi, kreti, taka za kambi, mapipa yaliyojazwa maji nusu, kila kilo iliyofungwa vizuri inasaidia. Ila usiweke uzito huo mkiani, nyuma ya ekseli. Hapo unanyanyua pua ya gari, usukani unakuwa mwepesi na gari zima linabembea.

Upepo wa tairi ndio dawa ya bei ndogo kuliko zote, na ndio unaokosewa zaidi. Gari nyingi za kazi zinajazwa paundi 80 au zaidi pande zote na kuachwa hivyo mwaka mzima. Hebu tuone maana yake. Peleka gari kwenye mizani, pima mbele peke yake na nyuma peke yake, tupu na limebeba. Tuseme tupu mbele ni kilo 1,700, nyuma 1,300. Mbele kila tairi lina kilo 850. Nyuma kuna tairi nne, kila moja lina kilo 325 tu. Tairi la 7.50R16 la lori jepesi linaweza kubeba zaidi ya kilo 1,300 likiwa limejaa kikamilifu. Wewe umelijaza kana kwamba limebeba mzigo huo, na juu yake pana robo ya mzigo. Haliwezi kubonyea, kwa hiyo kila kokoto linapita moja kwa moja hadi kwenye siti.

Kanuni ya kuanzia: soma ubavuni mwa tairi uzito wa juu na upepo wake, gawanya uzito halisi kwa uzito wa juu, zidisha kwa upepo ule. Mbele, kwa tairi la kilo 1,500 kwenye paundi 112, kilo 850 zinadai kama paundi 63. Nyuma hesabu itakupa namba ndogo sana, usiifuate. Tairi za dabo zikilegea sana zinabonyea mbavu hadi kugusana, zinasuguana, zinachemka na kupasuka. Tupu, nisingeshuka chini ya paundi 45 nyuma. Ukipakia, pima upya na ujaze upya kwa hesabu ileile, kabla ya kuondoka. Kwenye changarawe, mwendo ukiwa chini ya kilomita 50 kwa saa, unaweza kupunguza asilimia 15 zaidi mbele; ukirudi kwenye lami, jaza.

Thibitisha kwa joto. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, endesha saa moja, pima tena. Kwa lori jepesi upepo ukipanda zaidi ya paundi 6, tairi lilikuwa na upepo mdogo na linapinda kupita kiasi. Usipopanda kabisa, bado una nafasi ya kupunguza. Nunua geji nzuri na kompresa ndogo ya volti 24. Bila hivyo viwili ushauri huu haufanyi kazi, maana hakuna anayepunguza upepo asioweza kuurudisha.

Tahadhari mbili hapa. Kama tairi zako zina tyubu, upepo mdogo unafanya tyubu itembee ndani na kung'oa valvu, kwa hiyo usishuke sana. Na kama rimu zako ni za pete, ile pete ya chuma inayofunga ubavu inaweza kuruka na kuua mtu. Toa upepo wote, hadi kung'oa sindano ya valvu, kabla ya kugusa pete. Na wakati wa kujaza, tairi liwe kwenye kizimba cha chuma au limezungushiwa mnyororo mzito, na anayejaza asimame pembeni, akitumia mpira mrefu.

Shokapu zijaribu hivi. Endesha kilomita 10 kwenye barabara iliyojikunja kama bati, simama, shuka mara moja, gusa kila shokapu kwa nyuma ya vidole, kwa uangalifu. Inayofanya kazi itakuwa ya moto. Iliyo baridi wakati wenzake ni wa moto imekufa, haizuii kitu. Tazama pia vumbi: shokapu inayovuja inashika vumbi jeusi, zito, lililoganda kuanzia kwenye shingo kushuka chini. Badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja, na bushi zake za mpira. Shokapu za kiwandani za lori hili ni nyembamba, kwa hiyo kwenye mawimbi marefu zinachemka na kulegea. Nzito zaidi, zenye gesi, zinastahili pesa kwa njia yako.

Mwendo nao una siri yake. Mawimbi ya changarawe mara nyingi yanaachana chini kidogo ya mita moja. Yakiachana sentimita 80, kwenye kilomita 30 kwa saa yanakupiga mara 10 kwa sekunde, na hapo ndipo ekseli nzito za lori zinapopenda kurukaruka zenyewe. Ndiyo maana kilomita 30 huwa mbaya kuliko 20 na kuliko 50. Lakini gari fupi na refu kwenda juu kama lako, likiwa tupu, kwenye kilomita 60 juu ya changarawe halina mshiko. Tairi ziko hewani nusu ya muda. Napendelea mtu aende 20 hadi 25 pale palipoharibika kweli, kuliko kuelea juu ya mawimbi na kukuta kona.

Sasa springi zenyewe. Jani linasuguana na jani. Likiwa na kutu, msuguano unakuwa mkubwa kiasi kwamba pigo dogo haliwezi hata kuanzisha springi. Gari zima linasimama juu ya tairi tu. Shusha pakiti za nyuma, fungua senta bolti ukiwa umebana pakiti kwa klempu, tenganisha. Tafuta nyufa: safisha kwa brashi ya waya, angalia kuzunguka tundu la kati na kwenye jicho. Ncha ya kila jani huchimba mfereji kwenye jani la juu yake. Lainisha kingo za ncha kwa grainda, uzizungushe zisiwe kali, sawazisha mfereji. Paka grisi ya grafiti nyembamba, funga kwa senta bolti mpya na yubolti mpya, zile za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Kaza yubolti gari likiwa chini, limebeba, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha rudia baada ya kilomita 500. Klipu za pembeni zisibane majani. Ziyazuie yasitawanyike tu.

Pini za springi na za sheko, kile kiungo kinachocheza kwenye ncha moja ya springi, zinastahili aya yao. Watu wanapiga grisi tairi zikiwa chini. Pini imelaliwa upande mmoja na uzito wote, grisi inapita upande usio na kazi, pale panaposagika hapapati kitu. Inua chesisi mpaka tairi zining'inie, ndipo upige grisi mpaka ya zamani, nyeusi, itoke pande zote mbili. Fanya hivyo kila kilomita 5,000, na kila baada ya kuvuka maji. Sheko iliyoganda kwa kutu hairuhusu springi kurefuka, na springi isiyorefuka hailali. Nimeona hii ikitajwa kama "springi ngumu" mara nyingi kuliko springi iliyo ngumu kweli.

Kama baada ya hayo yote bado unataka springi laini, kuna springi za parabola: majani machache, mazito katikati na membamba kwenye ncha, yasiyogusana isipokuwa mwisho. Zinalala vizuri kwa sababu hazina msuguano mwingi. Ni lazima zitengenezwe kwa uzito wa ekseli yako na ziende pamoja na shokapu mpya, maana sehemu kubwa ya msuguano uliokuwa ukituliza kudunda imeondoka. Springi ya zamani iliyokunjwa upya kwa moto bila kuiva sawasawa ni hasara. Italegea baada ya miezi au itakatika.

Siti ndiyo sehemu ambayo ningetumia pesa bila kusita. Siti ya upepo au ya springi ya mitambo inazuia kile ambacho springi za gari zimeshindwa kuzuia, na inakufaa uwe tupu au umebeba. Shida ya kabini ya Canter ni kimo. Kaa, pima kutoka utosini hadi darini, kumbuka siti itapanda na kushuka. Tafuta ya kitako kifupi. Ukiifunga, weka kipimo cha uzito wako ili ukikaa iwe katikati ya mwendo wake. Ikiwa chini kabisa itagonga, ikiwa juu kabisa itakurusha. Mkanda nao: kama umefungwa kwenye nguzo ya kabini na siti inacheza, mkanda utakubana bega kila shimo. Tafuta siti yenye mkanda wake mwenyewe, na sakafu iimarishwe kwa bamba la chuma chini, maana siku ya ajali uzito wote wako utavutwa na bolti zile nne. Halafu angalia mipira ya kabini, ya mbele kwenye bawaba na ya nyuma kwenye kufuli. Ikiisha, kabini inapiga chesisi kwa sauti nzito unayoisikia kwenye meno.

Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya 2002 kuhusu mtikisiko wa mwili kazini, unamtaka mwajiri achukue hatua mtikisiko wa siku ya saa nane ukifika mita 0.5 kwa sekunde ya mraba, na unakataza kuvuka 1.15. Wanalichukulia kama suala la afya, nawe ulichukulie hivyo. Simama kila saa, tembea dakika kumi. Ukifika usianze kushusha mapipa papo hapo. Uti wa mgongo uliotikiswa kwa saa tatu unaumia kirahisi ukiinama na kunyanyua. Shuka ukiwa umegeukia kabini, mikono na mguu vimeshika, usiruke. Na kama maumivu yanashuka mguuni au mguu unakufa ganzi, nenda hospitali kabla ya kwenda gereji.

Kuhusu kulimiliki. Injini ya 4D33, lita 4.2, haina turbo, na spea zake zinapatikana kila mji wenye Canter. Kinachokosekana ni upande wa 4x4: ekseli ya mbele, jointi zake, habu za kufunga kwa mkono, giaboksi ndogo ya kugawa nguvu. Ukisikia kuna mtu anabomoa 4x4 kama yako, nunua vitu hivyo uviweke stoo. Funga habu na uingize gia ya 4x4 kilomita chache kila mwezi, kwenye udongo, ili mafuta yafike kila mahali. Usiiweke kwenye lami kavu. Haina difu ya kati, shafti zinajisokota mpaka kitu kivunjike. Ukivuka maji yaliyofika katikati ya tairi, kagua mafuta ya difu zote mbili: yakiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, mwaga siku hiyohiyo. Refusha mipira ya kupumulia ya difu hadi juu ya chesisi.

Tairi za dabo zinanasa mawe katikati. Yatoe kila ukisimama, kabla hayajakata mbavu. Nati za magurudumu ya upande wa kushoto kwenye lori nyingi za Japani za zamani zina meno ya kinyume, kwa hiyo angalia herufi L kwenye stadi kabla ya kuning'inia kwenye spana. Kwenye dabo za mtindo huo, legeza nati ya nje ndipo ukaze ya ndani, kisha rudisha ya nje. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Umeme ni volti 24. Usichukue volti 12 za redio au friji kwenye betri moja kati ya mbili. Moja itaiva kupita kiasi na nyingine itakufa kwa njaa. Weka kipunguza volti.

Ukijenga bodi, kumbuka chesisi ya lori hili inajipinda makusudi ndiyo tairi zote zikae chini. Bodi ngumu iliyofungwa kwa bolti kila mahali itapasuka, au itapasua chesisi. Funga imara karibu na ekseli ya nyuma, na mbele tumia bolti zenye springi zinazoruhusu bodi kuachana na chesisi kidogo. Usitoboe wala kuchomelea kingo za juu na chini za chesisi. Kila mwezi pita na tochi nyuma ya kabini na kwenye vishikio vya springi: vumbi jekundu la kutu linalochirizika kutoka kwenye riveti maana yake riveti inacheza.

Je, kuna lori la kabini ya mbele linalosafiri vizuri zaidi? Lipo. Unimog, lori la Mercedes-Benz, ina koili badala ya majani, na Pinzgauer ya magurudumu manne, iliyotengenezwa Graz, Austria kuanzia 1971, kila gurudumu linacheza peke yake. Lakini ukivunja kitu Engaresero, hakuna duka la spea zake Arusha utakalolikimbilia.

Basi, uuze? Land Cruiser pikapu inabeba karibu tani moja. Kama kweli kila safari una tani moja na nusu, utaijaza kupita uwezo wake au utakwenda mara mbili, na kila safari ya pili ni saa nyingine za mgongo wako barabarani. Kaa na Canter. Kama ukifungua daftari la safari unakuta mara nyingi ni kilo 600 au 700, rafiki yako yuko sahihi. Uza, maana lori linalotembea karibu tupu kila siku halitawahi kutulia. Angalia daftari hilo kwanza, kisha peleka gari mizani kabla hujatoa shilingi kwa fundi.